Kilimi cha Élysée

Élysée alikuwa akikohoa tena nyuma ya nyumba, na mama yake Apolline aliacha kutwanga ili asikilize. Sauti ya tromboni, ile tarumbeta kubwa ya kuvuta, ilikuwa imepanda vizuri, ndefu, imetulia, halafu ikakatika. Kikafuata kikohozi kikavu, cha mtu anayetafuta kitu kooni asikipate. Kisha tromboni ikaanza upya. Apolline alijikuta ameshika pumzi yake mwenyewe, kana kwamba angeweza kumkopesha. Kikohozi kikarudi, naye akaokota mchi wake.

Haya, tuseme ukweli. Hapa Kasongo watu wengi hawajui kwamba chuo kikuu kinaweza kumfundisha mtu kupuliza. Wanajua udaktari, wanajua sheria, wanajua ualimu. Élysée, kijana wa Marcellin mkulima wa mpunga, alipotoka kwenye fanfari, bendi ya matarumbeta ya parokia, akaenda Kinshasa kusomea tromboni ya jazz, majirani hawakuchoka kumwuliza baba yake, "Na akimaliza atakuwa nani?" Marcellin alikuwa na jibu moja tu: "Atakuwa na diplome." Akishasema hivyo alibadilisha mazungumzo, akauliza habari za mvua.

Sasa diplome yenyewe ilikuwa imekwama kooni. Kwenye mtihani wa mwisho, mbele ya juri, Élysée alitakiwa kupiga solo ya kubuni papo hapo, juu ya wimbo waliomchagulia wao. Alianza vizuri. Akakohoa. Akaanza tena, akakohoa tena, mpaka profesa mmoja akamwomba akae chini, na mwingine, bila kuinua kichwa, akasema kwamba chuo hakitoi diplome kwa kikohozi. Wenzake walicheka. Walimpa nafasi ya kurudia baada ya vakansi, likizo ndefu, na nafasi hiyo ndiyo ya mwisho. Akishindwa, miaka yote aliyosoma inakwenda na maji. Ndiyo maana alikuwa amerudi nyumbani, apumzishe koo na ajizoeze.

Chimène, muuguzi wa kituo cha afya, alikuwa amemwangalia. Alisema ni moshi na vumbi, labda na asidi inayopanda kutoka tumboni usingizini. Alimpa dawa ya maji, akamwambia alale kichwa kikiwa juu, na kwamba kikohozi cha namna hiyo huondoka polepole. Neno "polepole" halikumpendeza mtu yeyote pale nyumbani.

Jumapili padre alimwomba apige wakati wa matoleo. Marcellin alivaa koti lake la harusi za watu na kukaa benchi la mbele, jambo ambalo si kawaida yake. Pembeni yake alikaa dada yake mkubwa, Régina, aliyefika jana yake kwa pikipiki kutoka Wamaza. Mume wa Régina, Jean-Pierre, ananunua dhahabu huko Salamabila, na ndiye aliyeahidi kumlipia Élysée tiketi ya ndege kutoka Kindu mpaka Kinshasa. Régina ni mwanamke mwema, sisemi kwa kejeli. Ila wema wake unapenda kusikilizwa.

Élysée alisimama mbele ya altare, akavuta pumzi, akapiga. Alikuwa ameuchukua wimbo wa matoleo wa siku zote na kuulegeza kidogo, akiuchelewesha hapa, akiupindua pale, kama wanavyofundishwa kule, na kina mama waliobeba vikapu vya mpunga wakaanza kutembea kwa madaha bila kujijua. Marcellin aligeuka nyuma awaone watu wanaomwona mwanawe. Hapo hapo sauti ikakatika. Kikohozi kilijaa ndani ya bomba la shaba na kutoka nje kimekuwa kikubwa mara tatu, mlio wa ajabu, na watoto wa benchi la nyuma wakaangua kicheko. Wakubwa nao wakafuata, wengine wakiziba midomo kwa mikono. Élysée alijaribu tena, kikamtoka kingine. Padre akaashiria kwaya iushike wimbo.

"Mutoto ya Marcellin amesomea kukohoa," mtu alisema pale mlangoni misa ilipokwisha, wala hakusema kwa sauti ya chini. Marcellin alimsikia. Alishika njia ya nyumbani, akiwatangulia wote.

---

"Fungua kinywa," Régina alimwambia Élysée walipofika. Aliwasha tochi ya simu yake akachungulia. "Sema aaa. Njo hii. Marcellin, kuja uone. Kilimi iko murefu, imelala juu ya ulimi. Kikohozi yote inatokea hapa."

Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa. Katika familia ya Marcellin, mtoto akikohoa bila kukoma hupelekwa kwa mtu anayejua, akikate, na watoto wote wa Régina walikatwa. Élysée hakukatwa. Alipokuwa mchanga Régina alikuja kumchukua, na Apolline, ambaye aliwahi kumwona mtoto wa jirani aliyekatwa hivyo akitoka damu mpaka akafa, alimfunga mwanawe mgongoni akakimbilia kwao. Hakurudi mpaka Marcellin alipokuja kumwomba. Jambo hilo halikuzungumzwa tena, maana yake ni kwamba Régina hakulisahau hata siku moja.

"Wifi, ungeacha tumukate wakati ule, leo hangeaibika kanisani," alisema sasa, kwa upole sana.

Élysée ndiye aliyejibu. "Shangazi, kule shule profesa alitupigisha miayo mbele ya kioo. Ile nyama ya nyuma inapanda, inafunga njia ya pua. Njo sababu upepo wote unaingia ndani ya tromboni. Mukigusa kule, upepo utapita wapi?"

"Tunakata kilimi tu, kile kipande ya chini. Haina kazi. Watoto yangu wanakula, wanaimba, mumoja iko mwalimu."

"Lakini hawapulizi."

"Na weye unapuliza?" Régina alimwuliza. "Leo tulisikia."

Élysée aliinamisha kichwa. Ukimwona mtu mzima, mrefu kama yule, ananyamazishwa mbele ya mama yake, unatamani kuondoka usitazame. Apolline alitamani hivyo, lakini ilikuwa nyumba yake, angekwenda wapi?

"Na ile tiketi?" Marcellin aliuliza.

"Jean-Pierre hatakataa. Lakini miye nitamwambia nini? Kwamba tunapandisha kikohozi ndani ya ndege?"

Marcellin alivua lile koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya magoti. "Tutaenda kwa Abdallah, akikate," alisema.

"Baba Élysée, miye sikubali," Apolline alisema.

"Ulikataa mara ya kwanza, nikakufuata mpaka kwenu, nikaomba samahani mbele ya ndugu zako. Leo watu wamecheka mutoto yangu ndani ya kanisa. Sitafuata tena."

Apolline alimtazama mwanawe, akingoja akatae naye. Élysée alikuwa anatazama tromboni yake pale kwenye mkeka.

---

Kesho yake alimfuata mama yake kisimani, akambebea ndoo, na njiani akasema, "Mama, twende tu."

"Si weye mwenyewe ulisema upepo utapita puani?"

"Profesa alisema nyama ya nyuma. Hakutaja kilimi. Labda kilimi ni kitu ingine. Nilitafuta ndani ya simu, reso ikakatika." Aliitua ndoo. "Sijui, mama. Najua kitu moja. Nikikohoa mbele yao tena, nimekwisha. Kila nikishika tromboni nangojea kikohozi tu. Sisikii hata ninachopiga. Nilienda kule sababu nilikuwa nasikia nyimbo ndani ya kichwa siku nzima, sasa nasikia koo."

Apolline aliogopa. Aliogopa kisu, akaogopa pia ule uso wa mwanawe, uliokuwa umekonda vakansi nzima. Alifikiri kwamba labda Régina anasema kweli, labda ukaidi wake yeye Apolline wa ujana ndio uliomletea mtoto ugonjwa huu. Ukishaanza kufikiri hivyo, umekwisha shindwa.

"Chimène alisema tungoje."

"Ndege haitangoja. Juri pia." Élysée alijaribu kutabasamu. "Weye ndiye utanishika kichwa. Wengine wakinishika, nitakimbia."

Alikubali. Usiku ule, na usiku uliofuata, alijiambia kwamba amekubali kushika kichwa tu, hakukubali kukata. Lakini yote mawili ni jambo lilelile, naye alilijua.

---

Abdallah aliwapokea uani kwake, karibu na soko. Hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa na sauti ya chini, kanzu safi, birika la maji ya moto juu ya jiko, na kisu chake chembamba, kilichopinda ncha, kilikuwa kimelala kwenye maji yaliyochemka. Aliwakaribisha viti, akamwuliza Élysée kama amekula, akasema ni vizuri kwamba hajala.

"Anafanya kazi gani, huyu kijana?"

"Iko anasoma chuo kikuu," Marcellin alisema.

"Anasomea nini?"

Marcellin akasita. "Tromboni," Élysée alijibu mwenyewe. "Napuliza."

Abdallah aliacha kukausha mikono. Alimwangalia Élysée shingo, kifua, kisha mdomo. "Miye nakata ya watoto," alisema. "Mutoto unamushika, kwisha. Mutu mukubwa iko na nguvu shingoni, na kilimi yake iko nene. Sipendi."

"Kata kidogo tu," Régina alisema. "Tumetoka mbali, baba."

"Nikikata, nitakata kidogo. Lakini asikohoe."

Wote walimtazama Élysée. Régina akacheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akanyamaza. Hapo walikuwa bado wanaweza kuinuka na kwenda zao. Apolline alimtazama mumewe, na Marcellin alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka, na Abdallah, aliyekuwa na haki ya kuwafukuza, alikuwa na haya ya kuwafukuza wageni.

Basi Élysée alikaa kwenye kigoda. Marcellin akamshika magoti. Apolline alisimama nyuma, akakiegemeza kichwa cha mwanawe kwenye tumbo lake, kiganja kimoja kila shavu. Alimsikia akivuta pumzi ile ya shuleni, ya chini kabisa, mpaka mbavu zikapanuka na mgongo ukamsukuma. Kisha akaishika pumzi ile. Abdallah alikandamiza ulimi kwa kijiti akaingiza kisu taratibu, na kwa kitambo kila kitu kilikwenda kama alivyosema.

Kikohozi Apolline alikijua kabla ya wote. Alikisikia kikipanda chini ya vidole vyake, pale shingoni. Mikono ile tangu zamani, mtoto akitaka kukohoa, ilikuwa inamlegezea nguo, inamwinua kichwa, inampisha. Ikalegea yenyewe. Kichwa kikaruka mbele, Abdallah akapiga kelele fupi, na damu ikamtoka Élysée mdomoni na puani kwa pamoja.

Walimwinamisha. Walimpa maji ya chumvi, akatema, wakampa tena. Abdallah alifanya kazi kwa haraka, uso wake ukiwa umebadilika, na Régina akawa anamwita Mungu taratibu mpaka damu ilipopungua. Kile kilichokatwa kilikuwa kwenye kitambaa cheupe. Apolline alikiona. Kilikuwa kikubwa kuliko kile "kidogo" alichoahidi, na Abdallah akakunja kitambaa.

"Imetoka vizuri?" Marcellin aliuliza.

"Imetoka," alisema Abdallah. Régina alimsogezea kuku wawili waliowaleta wamefungwa miguu. Abdallah aliwatazama akawarudisha kwa mguu, bila dharau. "Mwende nao. Nitakuja kumuangalia." Hakuja.

---

Uji wa kwanza ulitokea puani. Élysée alikuwa amekunywa funda moja, akapaliwa, na uji ukamtiririka juu ya mdomo. Apolline akampangusa. "Ni vile mwanzoni," Régina alisema. Maji nayo yakatokea puani. Baadaye akajifunza kunywa akiwa ameinamisha kichwa upande, kidogo kidogo, na hakupenda mtu amtazame. Sauti yake pia ilikuwa imegeuka, ya mtu mwenye mafua, na alipoomba chumvi Marcellin alimwuliza mara mbili anasema nini.

Lakini kikohozi kilikwisha. Pengine kingekwisha chenyewe, kama Chimène alivyosema, maana siku zilikuwa zimepita na ile dawa ya maji alikuwa ameimaliza; nani atajua sasa? Régina alijua. Alizunguka mtaa mzima akiwaambia watu wakilala usiku wasikilize kama watasikia hata kikohozi kimoja. Jean-Pierre alileta tiketi. Marcellin alianza tena kusimama barabarani na kuongea na wapita njia, na yule aliyemcheka kanisani alimpa mkono.

Apolline alimpeleka mwanawe kwa Chimène bila kumuaga mtu. Chimène aliangalia ndani ya kinywa, muda mrefu, halafu akakifunga taratibu kwa mkono wake.

"Nani alikata?"

Apolline aligeuka akatazama mlango.

"Nyama hii haioti tena. Imekatwa mpaka juu, pale panapofunga pua. Kinshasa kuna madaktari wanaweza kushona. Labda." Alivua glavu zake. "Umeshapuliza?"

"Bado," alisema Élysée.

"Tangu siku ile?"

"Kidonda kilikuwa bado." Kidonda kilikuwa kimepona. Kila asubuhi aliipangusa tromboni, akalivuta na kulirudisha bomba lake, akalipaka mafuta, akairudisha ndani ya sanduku. Mama yake alikuwa anamwona. Hakumwuliza, kwa sababu na yeye hakutaka kujua.

---

Asubuhi ya safari majirani walikuja kumuaga. Walijaa mbele ya nyumba, Régina akiwagawia chai, wakingojea pikipiki itakayompeleka Kindu. Mtu akasema kijana asiondoke hivi hivi, awapigie kidogo, wasikie koo jipya. Marcellin akacheka kwa furaha. "Atapiga," alisema. "Mumuache ajitayarishe."

Élysée alikwenda nyuma ya nyumba na sanduku lake. Apolline akamfuata. Aliiunga tromboni, akasimama wima, akavuta pumzi, akapuliza. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, inatetemeka, na juu yake kulikuwa na sauti nyingine, fyuuu, ya tairi inayotoa upepo. Alishusha tromboni. Akajaribu tena, kwa nguvu, mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Ile fyuuu ikaongezeka, sauti ikafa.

Apolline alisogea akaweka kidole chini ya pua ya mwanawe. "Tena," alisema. Élysée alipuliza. Upepo wa moto ukampiga kidole, mwingi, upepo uliotakiwa kwenda kwenye shaba.

"Ni mikono yangu," alisema Apolline. "Nilikuachia."

"Hapana, mama. Miye ndiye nilikohoa."

"Nilikuachia, mutoto yangu. Nilijua inakuja, nikakuachia."

Alilia kwa sekunde chache tu, kwa sababu watu walikuwa upande wa pili wa ukuta. Kisha akajifuta, akanyoosha mkono, akamshika pua kwa vidole viwili, kama unavyomshika mtoto mchafu umsafishe, akaibana. "Puliza," alisema.

Sauti ikatoka nzima. Ilikuwa ile ya zamani, nene, imetulia, ikajaa uani na kupita juu ya paa. Élysée alifumbua macho makubwa. Akaendelea, akalivuta bomba, akashuka, akapanda, akauchelewesha wimbo na kuupindua, na mama yake akazunguka naye alipozunguka ili vidole visitoke. Kule mbele watu walishangilia. "Mumesikia?" ilikuja sauti ya Régina. "Hata moja. Hata kikohozi kimoja hakuna."

Marcellin alitokea pembeni ya nyumba akiwa na kikombe cha chai mkononi, anacheka. Alimwona mkewe amembana mwanawe pua. Kicheko chake kilibaki usoni kidogo, kisha kikaondoka.

"Munafanya nini?"

Apolline aliachia. Tromboni ikageuka ikawa fyuuu. Akabana, sauti ikarudi nzima. Akaachia tena, akabana tena, akimtazama mumewe.

Marcellin alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Chai ilimmwagikia suruali asiipanguse. "Hawezi kufunga na kitu?" aliuliza. "Kibanio ya nguo. Kamba."

"Nikipanda juu, upepo unakisukuma," Élysée alisema kwa ile sauti yake mpya ya puani. "Na kikishika, baba, mbele ya juri watasikia nini? Watatazama pua."

"Tungemuacha vile alikuwa," alisema Marcellin. Akainamisha kichwa.

Pikipiki ilisikika ikiingia uani. Régina aliita kwamba dereva amefika na hataki kuchelewa, mvua iko inakuja, na kwamba watu wanaomba wimbo mmoja tu wa mwisho, ule wa kanisani. Élysée alimtazama baba yake, ambaye hakuinua kichwa. Kwa hiyo Apolline alipangusa vidole vyake kwenye kitenge, akamshika tena pua mwanawe, akabana. Élysée akapiga, na kule mbele wakapiga makofi.